Jinsi ya kusoma kisa cha Senegal kujitoa Shirikisho la Mali bila kuchanganya madesa

Kwanza weka majina sawa, hapa ndo wengi wanapotea. Mali ya mwezi wa sita 1960 sio hii ya leo, ilikuwa Senegal na Sudan ya Wafaransa (sio ile ya Khartoum jamani) wamekaa pamoja, makao makuu Dakar. Kwahiyo ukikuta "Mali" angalia tarehe, mpaka 20 Agosti 1960 ni shirikisho, kuanzia 22 Septemba ni ile Sudan peke yake, jamhuri yenye makao makuu Bamako.

Halafu usianze na itikadi. Utaambiwa Modibo Keïta, kiongozi wa upande wa Sudan, alitaka serikali kuu yenye nguvu, Senghor wa Senegal akataka kila upande ubaki na mamlaka yake, sawa ni kweli, ila hayo walikuwa wanayajua hata kabla ya kuungana. Wewe fuata vyeo na askari. Keïta ndo mkuu wa serikali, Mamadou Dia wa Senegal ni makamu wake na waziri wa ulinzi, Senghor anaongoza bunge la shirikisho, na uchaguzi wa rais umepangwa 27 Agosti. Hapohapo wanagombania mkuu wa majeshi, Keïta anamtaka Kanali Abdoulaye Soumaré, Dia anagoma kusaini.

Usiku wa 19 kuamkia 20 Agosti usome polepole, usiruke kitu. Keïta anamvua Dia uwaziri wa ulinzi na kutangaza hali ya hatari, kumbe jandameri (askari polisi wa kijeshi) wa pale Dakar wanawasikiliza Wasenegali, basi wanamzunguka Keïta mwenyewe, na bunge la Senegal linakaa usiku uleule linatangaza kujitoa. Tarehe 22 Keïta na wenzake wanapakiwa kwenye treni wanarudishwa Bamako. Yaani karatasi ya amri anayo, wa kuitekeleza hana, na kwangu mimi hilo linaeleza zaidi kuliko hotuba zote za usoshalisti.

Matokeo usiyapuuze, hasa reli ya Dakar–Niger iliyounganisha Dakar na Bamako, ilikatwa mpakani mpaka 1963 na Mali haina bahari, mizigo ikabidi izungukie Abidjan kule Ivory Coast. Umoja wa Mataifa Senegal na Mali waliingia wote siku moja, 28 Septemba.

Na mtihani ukiuliza Senegal ilipata uhuru lini, taja tarehe zote mbili: 4 Aprili 1960 makubaliano na Ufaransa yalisainiwa na ndo siku wanayosherehekea, 20 Juni ndo uhuru wenyewe ukaja wakiwa bado ndani ya shirikisho.