Anza na Kiingereza kilichomo kabatini

Ukianza Kiingereza, usikimbilie kamusi. Fungua kabati lako kwanza: shati, sketi, blanketi. Hicho ni Kiingereza kilichovikwa irabu ya Kiswahili. Ivue, upate "shirt", "skirt", "blanket". Kabati lenyewe ni "cupboard", na ile p haitamkwi (mimi niliitamka kwa miaka).

Kazi iko mwilini. Mkono wetu mmoja wao wameugawa: "hand" ni kiganja na vidole, "arm" ni kuanzia begani mpaka kifundoni. Mguu nao vivyo hivyo: "foot" ni sehemu inayoingia kiatuni, "leg" ni kuanzia nyongani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Maneno ya namna hii yaandike kwa jozi, ndani ya sentensi fupi: "My leg hurts." Mimi nilimwambia daktari "my foot" huku nimeshika paja, akainama kunivua kiatu.