Kuunganisha spika za saraundi na laptopu: tundu la hedifoni halitoshi

Watu wengi hapa Kampala wananunua seti ya 5.1 (spika tano na wufa moja ya besi), wakifika nyumbani wanachomeka waya moja kwa tundu la hedifoni la laptopu, alafu wanauliza mbona spika za nyuma ziko kimya ama zinarudia tu zile za mbele. Wufa yako haina shida. Hilo tundu linatoa chaneli mbili tu, kushoto na kulia, na hata ukiweka splita utapata hizo hizo mbili. Bluetooth nayo ni hivyo hivyo.

Sasa geuza wufa uangalie nyuma. Ukikuta matundu sita ya RCA (yale ya duara), ama waya tatu za kuchomeka, unahitaji saundi kadi ya nje ya USB yenye matundu matatu au zaidi ya kutoa sauti: kijani ni mbele, nyeusi ni nyuma, ya chungwa ni spika ya katikati pamoja na besi. Hapo dukani chunga sana, kuna vile vidude vidogo vya bei rahisi vimeandikwa 7.1 na vina matundu mawili tu, moja la hedifoni moja la maiki, hiyo 7.1 ni ya kuigiza, mwambie muuzaji akuonyeshe matundu kwanza kabla hujatoa pesa.

Kama ni risiva (mashine inayoendesha spika) yenye HDMI ni rahisi zaidi, waya moja inabeba chaneli zote. Lakini soma maandishi, lazima iwe IN. Hom theta nyingi za DVD zina OUT peke yake, ya kupeleka picha kwa TV, hapo laptopu haiingii ng'o.

Ukishachomeka, kwa Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, chagua kadi yako, bonyeza Configure, weka 5.1 alafu Test usikilize spika moja moja. Kama sauti ya katikati inatokea kwa besi, badilisha tu zile RCA mbili.

Bado filamu yenyewe. Ifungue na VLC, bonyeza Ctrl na J, uangalie sehemu ya Channels: ikiandika 3F2R/LFE hiyo ni 5.1 ya kweli, ikiandika Stereo basi spika za nyuma hazina kitu cha kusema. Zile muvi zilizotafsiriwa na VJ kwa Kiluganda mara nyingi ni stereo, kwa hiyo usianze kufungua wufa na bisibisi bure.

Na ukisikia mngurumo wa mmmm usioisha, chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukinyamaza, chomeka chaja na wufa kwa ekstensheni moja, mara nyingi unapungua, na ukikataa kuisha tazama muvi kwa betri.