MGB au Mercedes 280E: zipime kwenye barabara ya Moshi–Arusha

Kama moyo unakuvuta huku na huku kati ya MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, na Mercedes 280E ya W123 (hilo ni jina la kiwandani la toleo lake), weka kando namba za kwenye karatasi. Nimeshika spana hapa Majengo, Moshi, miaka ishirini na sita. Wateja walionijia wakijuta, wengi walikuwa wamelijaribu gari dakika kumi tu kwenye lami tambarare.

Yajaribu yote mawili siku moja, dereva awe yuleyule, na upepo wa matairi uupime mwenyewe. Toka Moshi asubuhi kuelekea Arusha, kama kilomita 80.

Mteremko wa kushukia daraja la Mto Kikafu ndiyo mizani. Shuka na gia ya tatu, kamwe usiteremke na gia huru. MGB ina kilo 900 na ushee; ukigusa breki inatii, na stelingi yake ya reki (meno yanayosukuma magurudumu moja kwa moja) inakuletea kila kokoto mkononi. Raha yake sijawahi kuizoea! 280E inakaribia kilo 1,450. Ina breki za diski magurudumu yote manne na inasimama vizuri, ila ule uzito utausikia ukikusukuma. Kupanda ng'ambo ya daraja ni zamu yake: silinda sita, lita 2.8, na mama aliyekaa nyuma anaendelea kusinzia.

Kisha matuta. MGB ya zamani itakwaruza chini. Wapenzi wake huzidharau zile zenye bampa nyeusi za mpira, zilizoanza mwishoni mwa 1974, kwa kuwa ziliinuliwa ili kufuata sheria za Marekani na zikapungua utulivu kwenye kona. Kwa barabara zetu, mimi nachukua hizo hizo.

Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini ikipoa, fungua plagi. Kabureta mbili za SU za MGB zilizosetiwa Dar es Salaam huku zinamwaga petroli kupita kiasi, plagi zinajaa masizi. Hapo ni kuseti upya tu. Anayetaka kukuuzia kabureta mpya mkatalie. 280E haina kabureta, inatumia injeksheni ya Bosch inayonyunyizia petroli, na fundi anayeielewa mtafute kabla ya kununua.

Halafu lala chini. MGB haina chesisi, inabebwa na mabati yaliyo chini ya milango: bonyeza kwa bisibisi, ikizama ondoka. Kwenye 280E pitisha vidole kwenye matundu ya jeki, pande zote mbili. Vikitoka na unga wa kutu, mwite fundi bodi apige hesabu kabla hujataja bei.