Mkato baada ya maneno ya utangulizi katika sentensi za Kiingereza

Mtu anayeandika kwa Kiingereza barua ya kuomba kazi katika mashamba ya chai ya Mufindi au katika hoteli mjini Mbeya mara nyingi huanza sentensi kwa kutaja wakati, sababu au sharti kabla ya kufikia hoja yenyewe. Mkato huwekwa pale utangulizi huo unapoishia. Ili kupatambua, tafuta kiima (mtenda au kinachozungumziwa) cha kishazi huru, yaani sehemu inayoweza kusimama peke yake kama sentensi, kisha uweke mkato kabla ya kiima hicho. Katika "When the rain stopped, the pickers returned to the field", kiima hicho ni "the pickers". Kishazi tegemezi, yaani sehemu isiyoweza kusimama peke yake, kama "when the rain stopped", kikihamia mwisho, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "The pickers returned to the field when the rain stopped."

Mkato huu si pambo. Soma "While we were cooking the potatoes from Njombe arrived", na bila shaka utadhani viazi vilikuwa jikoni, hadi neno la mwisho likulazimishe kurudi nyuma. Mkato baada ya "cooking" huondoa utata huo wote.

Panapokosewa sana ni kwenye "although" na "however". Neno "although" hufungua kishazi tegemezi, kwa hiyo halitenganishwi nacho: "Although the road to Tukuyu was wet, the bus arrived early." Neno "however" likiwa na maana ya "hata hivyo", hufuatwa na mkato papo hapo: "However, the bus arrived early." Lakini likimaanisha "hata iwe kiasi gani", mkato husubiri: "However cold Makete gets, farmers rise before dawn."

Utangulizi mfupi wa wakati, kama "In July Njombe is cold", unaweza kuachwa bila mkato, ingawa mimi ningemshauri anayejifunza auweke, kwa kuwa hapo hauhesabiwi kuwa kosa.

Kuna sentensi zinazofanana na hizi ambazo hazitaki mkato kabisa. Katika "Above Mbeya rises Loleza Peak", kitenzi kimetangulia kiima, na katika "Growing tea requires patience", maneno "growing tea" ndiyo kiima chenyewe, wala hayatenganishwi na kitenzi chake.