SOMO: Jinsi ya kumuona kipepeo wa kwanza Uingereza kabla baridi haijaisha

Wakuu habari za huko mliko. Kila ikifika Februari mwishoni nasikia watu wa huku wanalalamika eti nje hakuna cha kuangalia, ni matope na mawingu mpaka Mei. Jamani vipepeo wapo, hata Februari wanaruka jua likitoka, ila wengi wetu tunatoka saa ambayo wao wamelala na tunapita mbio kama tunawahi basi. Mi niko Surrey, kusini, kwaio mlioko Scotland ongezeni wiki kadhaa kwenye haya nitakayosema.

Kabla ya hatua zenyewe, jueni kwanza huyo kipepeo anatokea wapi. Kwetu tumezoea wapo mwaka mzima, mvua zikinyesha ndo wanazidi. Huku kuna karibu aina 60 na nyingi zinapitisha baridi zikiwa yai, kiwavi au pupa, lakini chache zinalala zikiwa kipepeo kamili, mabawa yamefungwa, kimya miezi yote hiyo. Kwaio unayemuona Machi sio mtoto wa juzi, ni mzee wa mwaka jana kaamka, ndo maana wengine utawakuta rangi imepauka na mabawa yamechanika pembeni.

HATUA YA 1: Achana na kalenda, angalia hali ya hewa. Unataka siku yenye jua, upepo kidogo, na nyuzijoto 13 hivi au zaidi. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, misuli ya mabawa inahitaji kufika kama nyuzi 30 ndo aruke vizuri, na hiyo anaipata hasa kwa kuota jua. Muda mzuri ni kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, saa zetu. Ukitoka saa mbili asubuhi na darubini yako utaona ndege, kipepeo humpati.

HATUA YA 2: Tafuta kona ya jua alafu SIMAMA. Hii ndo hatua yenyewe, zingine ni nyongeza. Jua la huku halifiki utosini, wakati huu wa mwaka linajivuta chini chini upande wa kusini kutwa nzima, kwaio ukuta, ua wa miti au ukingo wa msitu unaotazama kusini unapata joto, na upande wa pili, hatua tano tu, nyasi bado zina barafu. Makaburi ya kanisa la zamani ni mazuri sana (najua wengine mtaogopa), yana kuta na ile mimea ya aivi inayotambaa, majani mabichi hata baridi ikoje, na humo ndani ndo analala Brimstone, kipepeo wa njano nitakayemweleza hatua ya 3. Simama dakika kumi au kumi na tano, jua liwe mgongoni, angalia juu ya majani makavu chini na usawa wa kiuno. Wingu likipita watakaa, likiondoka wanaruka tena, we usiondoke.

HATUA YA 3: Wajue hawa wanne, wanatosha kwa kuanzia. Majina nayaacha kama yalivyo kwenye vitabu vyao ili mkitafuta mpate.

Brimstone, dume ni njano kabisa, unamuona toka mbali anakata kando ya ua bila kutulia. Jike ni mweupe wa kijanikijani na watu wengi wanamchanganya na vipepeo weupe wa kabichi. Akitua hafungui mabawa hata siku moja, anayafunga na ukimsogelea unaona mishipa na ncha kama jani kabisa, mpaka vidoa vidogo vya kahawia kama jani lililoanza kuoza, unaweza kumwangalia na usimuone. Anaishi karibu mwaka mzima, kwa kipepeo huo ni uzee haswa.

Peacock ana macho manne makubwa juu ya mabawa mekundu, akifunga anakuwa mweusi tii. Comma mabawa yake yamekatwakatwa pembeni toka kuzaliwa, sio kwamba ameumia. Small Tortoiseshell ni rangi ya chungwa na pindo la vidoa vya bluu.

HATUA YA 4: Maua. Wakiamka wana njaa. Angalia miti ya willow inapotoa vile vichanua vyenye manyoya, na dandelioni, yale magugu ya maua ya njano ambayo majirani wanayaua kwa dawa.

HATUA YA 5: Ukiwa umesimama hapo usiangalie vipepeo tu. Nyuki mnene mwenye manyoya anayeruka chini chini akichungulia mashimo ni malkia, vibarua na madume wa koloni lake la mwaka jana walikufa, anatafuta shimo la panya lililoachwa aanzishe koloni. Kigong'ota utamsikia anagonga mti. Kwenye madimbwi kuna mayai ya vyura, lundo la utelezi lenye vidoa vyeusi. Mashambani sungura wakubwa wanasimama wanapigana ngumi, na mara nyingi ni jike anamtandika dume msumbufu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Leeds: Dada, Januari nilikuta kipepeo kwenye pazia sebuleni, nikamtoa nje. Nilikosea?

Jibu: Nje Januari atakufa kwa baridi na njaa, ndugu yangu. Hita ndo inawaamsha, wanadhani majira yamebadilika. Next taim mshike taratibu, muweke kwenye boksi mahali pa baridi kama nusu saa atulie, kisha mhamishie banda au garaji isiyo na hita, ila pawe na upenyo wa kutokea Machi.

Mdau wa Milton Keynes: Sasa hapo kwa kusimama kwa majani, nyoka je? Mimi na nyoka hapana aki.

Jibu: Mwenye sumu ni mmoja tu, adder, jamii moja na kifutu ila mdogo. Naye anatoka kuota jua Februari na Machi, kona zile zile. Ana mstari wa zigizaga mgongoni. Mara ya mwisho mtu kufa kwa kuumwa naye ilikuwa 1975. Usimshike, mbwa afungwe kamba, vaa buti. Mi naogopa kupe zaidi kuliko yeye.

Mdau wa Coventry: Kuna kipepeo yeyote anayetoka kwetu Afrika?

Jibu: Yupo! Painted Lady, hata Kenya na Tanzania anapatikana. Baridi ya huku hawezi kuilala, kwaio kila mwaka wanakuja upya, vizazi vinapokezana njiani. Safari ya kwenda na kurudi, toka Afrika ya kitropiki mpaka kaskazini kabisa ya Ulaya, ni karibu kilomita 14,500. Ila msimtafute Februari, subirini.

Mdau wa Barking: Nakaa ghorofani, kamera sina, simu ya kawaida tu. Nitaweza kupiga picha?

Jibu: Simu inatosha mama. Nenda msitu wa Epping Forest, treni ya Central Line ya hapo London inakufikisha. Ukimuona, sogea polepole ukiwa umeinama na kivuli chako kisimguse, maana kikimfunika tu anaondoka. Piga ya mbali kwanza kabla hujasogea, ili akiruka uwe na kitu. Alafu iweke kwenye iRecord, tovuti ya kurekodi wanyama na mimea uliyoiona, ni bure, andika tarehe na mahali.