Msiwatishie watoto kwa sindano yangu

Jumanne ni siku yetu ya kliniki. Saa mbili asubuhi benchi limeshajaa, na kabla sijaweka mkoba chini nimeshasikia: "Nyamaza! Unamwona yule nesi? Ukiendelea kulia namwambia akuchome." Mtoto ananitazama, kilio kinakatika, mama anaridhika. Nusu saa baadaye mama huyohuyo ananiletea mtoto huyohuyo nimchanje, na anashangaa kwa nini kamganda shingoni kama kupe.

Nimefanya unesi hapa Tanga miaka 22, nimelea watoto watatu, na sasa nalea mjukuu wa miaka minne. Nikiulizwa mtoto mwoga asaidiweje, naanzia hapo kwenye benchi: acheni kwanza kumtia woga kwa faida yenu. Leo unamtisha na nesi ili anyamaze, kesho na polisi ili ale, keshokutwa na zimwi ili asitoke nje. Uji ataumaliza kweli. Halafu saa nane za usiku atakuamsha, na wewe ndiye utakayekesha naye.

Sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Bibi yangu alitutisha na mumiani, wanyonya damu, na kwa watu wa enzi yake mumiani hakuwa wa kutishia watoto tu. Wazimamoto wa wakati wa mkoloni walishukiwa, na watu wa hospitali nao hawakusalimika. Kwa hiyo bibi akinikazia macho pale kliniki huku amemfunika mjukuu wake na khanga, simlaumu.

Sindano ndiyo kazi yangu, niianze hiyo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hazina mambo ya woga: mtoto anaumia, analia, ananyonya, yamekwisha. Huyo mnyonyeshe kabla sijachoma, na usimwachishe titi ninapochoma. Kazi ipo kwa wa miezi 18 anayerudi kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Huyo gauni jeupe ameshalijua, na kama hajalijua, ameshasimuliwa.

Mkubwa kidogo, anayeelewa maneno, usimwambie haiumi. Ukisema haiumi nami nikachoma, kesho ukimwambia dawa ni tamu hatakusadiki. Wala usimtangazie wiki nzima kabla, akalala na kuamka na sindano siku saba. Mwambie asubuhi hiyohiyo: "Tunakwenda kwa nesi. Atakuchoma mkononi, utasikia kama umeng'atwa na siafu, halafu basi, tunarudi." Siafu anamjua.

Siku za kawaida, bila kutaja kliniki, mwache acheze unesi. Kalamu iliyofunikwa inatosha kuwa sindano, na mgonjwa awe wewe. Mjukuu wangu ameshanichanja mara nyingi kuliko serikali. Akikuchoma, lia kidogo, kisha nyamaza, uombe maji ya kunywa. Aone kwamba kulia kunaruhusiwa na kwamba kuna kwisha. Hii ya "wewe mwanamume, usilie" niachieni nje ya mlango.

Kwenye kiti changu, mpakate akae wima, kifua chake kwenye kifua chako. Msimlaze chali mkamkandamiza watu watatu kama mnachinja. Wa miaka mitatu kwenda juu nampa povu la kupuliza. La dukani sina. Nakata kikonyo cha jani la mpapai ulio nyuma ya jengo, naosha utomvu vizuri, nachanganya maji na sabuni kwenye kikombe. "Puliza, usivute. Nataka povu kubwa lifike dirishani." Mtu anayepuliza habani pumzi, na asiyebana pumzi mkono wake hulegea. Povu likiwa njiani kwenda dirishani, mimi nimeshamaliza. Wapo wanaolia hata hivyo. Wanalia wakiwa na kikonyo mdomoni, lakini mwezi ujao wanaingia kwa miguu yao.

Giza nilijifunzia nyumbani. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikasikia: "Bibi, mtu!" Kainuka kakaa ndani ya chandarua, kidole kinaelekea mlangoni. Nilikuwa nimechoka, na neno lililonijia mdomoni lilikuwa "hakuna kitu, lala". Nikatazama. Kitu kilikuwepo. Kirefu, cheusi, kina mabega, na upepo wa dirishani unakitikisa.

Nikawasha tochi ya simu: baibui langu, kwenye msumari. Nikazima: mtu. Nikawasha: baibui. Nikampa simu afanye mwenyewe. Akawasha, akazima, akawasha, mpaka nikaanza kuihurumia chaji. Kisha akasema, "Bibi, hana miguu." Tukaenda kulishusha pamoja, akalishika, akalinusa. "Linanukia udi." Akalala nalo.

Kwa hiyo jioni moja lala pale anapolala mwanao, kwenye mto wake, taa imezimwa, uangalie anachokiona. Utashangaa ndoo juu ya kabati inafanana na nini. Ondoa cha kuondolewa, na kilichobaki mwonyeshe mchana kisha usiku. Swichi aiwashe yeye, tochi aishike yeye. Umeme ukikatika, chezeni vivuli vya mikono ukutani, sungura na ndege, ili giza liwe na kazi nyingine. Koroboi usimwachie karibu na chandarua hata akilia vipi. Chandarua kikishika moto hamtakuwa na muda wa kubembelezana.

Jirani yangu hupita chumbani na mwiko akimfukuza zimwi, "Toka! Toka!" Mtoto anacheka, lakini mimi siipendi. Mama mzima hachukui mwiko kupigana na kitu ambacho hakipo, na mtoto anaijua hesabu hiyo. Mimi nasema: "Zimwi ni wa hadithi, kama sungura anayeongea. Lakini woga wako ni wa kweli, ndiyo maana nimekuja."

Kuna woga mwingine msiuue. Mtoto wa miaka mitatu anayekataa choo cha shimo ana akili timamu. Tundu ni kubwa kuliko makalio yake na chini hapaonekani. Mpe poti, au mshike mikono miwili, hadi atakapokua. Kwa mbwa vilevile, simfundishi kumzoea mbwa wa mtaani. Namfundisha asikimbie, asipige kelele, asimame kama mnazi, mikono imebana ubavuni, mpaka mbwa apite. Na aking'atwa asifiche kwa kuogopa kuchapwa: kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina dawa.

Ngurumo za masika: ingieni ndani, msikae chini ya mwembe, halafu mhesabishe. Tokea mwanga mpaka mlio, kila sekunde 3 ni kama kilometa 1. Anayehesabu ana shughuli, na namba zikiongezeka anajua mvua inakwenda kwa wengine.

Siku ya kwanza ya chekechea usimtoroke. Najua inarahisisha, mwalimu naye atakukonyeza uondoke akiangalia pembeni. Lakini akigeuka hukupo, amejifunza kwamba mama huyeyuka, na kesho hataiachia khanga yako hata chooni. Muage kwa maneno machache, na muda umpimie kwa kitu anachokijua: "Mkishakunywa uji na kuimba, nitakuwa mlangoni." Kisha uwepo mlangoni. Ukichelewa siku ya kwanza, hata mimi sina ushauri wa kukupa.

Woga wa kawaida hupungua wiki hadi wiki ukiupa subira. Ukiona miezi inapita hali haibadiliki, mtoto halali, hataki kula, au aliyeacha kukojoa kitandani amerudia, mleteni kliniki tuzungumze.

Na mmoja sitaki mumzoeshe kabisa: woga wa mtu fulani. Mtoto aliyekuwa akimkimbilia mjomba, au mwalimu wa tuisheni, au kaka wa jirani, na sasa akisikia sauti yake anaingia uvunguni. Usimwambie "msalimie, acha utovu wa adabu". Usimlazimishe kumpa mkono, wala usimwache naye, hata mtu huyo akiwa ndiye anayeilisha nyumba. Kaa naye mahali mnapokuwa wawili tu, muulize taratibu, usimkatize, usimtikise kwa maswali, na akisema neno usimwambie anaongopa. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, kupiga ni bure.