Dawa kali za maumivu zikishusha homoni ya mwanamume: pima hivi, tibu hivi

Mwanamume aliyetumia mofini, tramadoli, kodeini au methadoni kwa miezi mingi, akianza kukosa hamu ya tendo la ndoa, kuchoka bila kazi na kutokwa jasho la ghafla, asikimbilie dawa za nguvu. Mara nyingi korodani ni nzima. Dawa hizi huzima ishara ambayo ubongo huipelekea pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Pituitari isipotoa LH, homoni inayoziamsha korodani, korodani hazitengenezi testosteroni, yaani homoni ya mwanamume. Sildenafili (Viagra) husaidia damu ifike uumeni, basi. Homoni inabaki chini na mifupa inaendelea kudhoofika.

Wengi hukosea kwenye kipimo. Damu itolewe kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya chai, kwa kuwa testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana. Ukitoka Siaya au Homa Bay ukafika maabara Kisumu saa saba mchana, jibu litakuwa chini kuliko hali yako ya kweli. Heri ulale kwa ndugu mtaani Kondele, hapo Kisumu. Ukiwa na malaria, subiri upone. Kisha rudia siku nyingine. Angalia kizio kilichoandikwa kwenye karatasi ya majibu: nanogramu 300 kwa desilita ni sawa na 3 kwa mililita, au nanomoli 10.4 kwa lita. Ukiwa chini ya hapo mara zote mbili, na dalili unazo, huo ni upungufu. Omba pia kipimo cha LH, FSH (homoni nyingine ya pituitari inayoziamsha korodani) na prolaktini (homoni ya maziwa, nayo hutoka pituitari). Prolaktini ikiwa juu sana, pituitari yenyewe ichunguzwe.

Tiba huanza kwa kupunguza au kubadili dawa ya maumivu. Usiiache ghafla, arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa, itakulaza. Aliyeitumia zaidi ya mwaka hupunguziwa takriban asilimia 10 kwa mwezi, au huhamishiwa buprenofini, dawa ya jamii hiyohiyo ambayo haishushi homoni sana. Lakini mgonjwa wa saratani asinyimwe mofini kwa sababu hii hata kidogo. Homoni yake itibiwe kando.

Ikibidi sindano, testosteroni enanthati ni miligramu 75 hadi 100 kila wiki, msulini. Kabla ya kuanza pima hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) na PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), urudie baada ya miezi 3 hadi 6. Hematokriti ikipita asilimia 54 sindano husimamishwa: damu imekuwa nzito, inaweza kuganda.

Na kama bado unataka mtoto, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza. Testosteroni ya kudungwa huzima utengenezaji wa mbegu. Kwako wewe kuna klomifeni, kidonge kinachoamsha pituitari, au hCG, sindano inayofanya kazi kama LH.